WASHONAJI WA RIVERSIDE



Waandishi wa safari hupenda kuwachukua wasomaji wao mbali. Mara hii sisi hatuendi mbali. Tunakwenda Riverside, mtaa tunaokaa wenyewe, pembeni kabisa mwa mji wa Buffalo upande wa kaskazini-magharibi, na ndani ya mtaa huo tunaingia chumba kimoja tu, ambamo kila Jumamosi hukaa wanawake wanane au tisa wakishona mifarishi.

Huenda vijana wetu wasilijue neno hili. Mfarishi ni tandiko nene lenye tabaka tatu: juu uso wa vitambaa vilivyounganishwa, chini bitana, na katikati pamba, kisha tabaka zote hushikwa pamoja kwa bandi zinazopita toka juu hadi chini. Wamarekani wana historia ndefu na kazi hii, lakini si wao peke yao, kama tutakavyoona.

Ukipanda basi la Niagara Street kutoka katikati ya mji, mto huwa kushoto kwako. Niagara ni mto wa kupendeza kwa sisi tuliosomesha jiografia, kwa kuwa hutoka ziwa Erie lililo kusini na kuelekea kaskazini, kama Naili, kinyume na mtoto anavyodhani anapoitazama ramani ukutani. Ng'ambo yake ni Kanada. Utaliona daraja la reli la mwaka 1873, utapita viwanda vya matofali mekundu ambavyo vingi havitoi moshi tena, na mwisho utafika kwenye bustani ya Riverside, iliyochorwa na ofisi ya Frederick Law Olmsted mwaka 1898. Zamani bustani hiyo ilikuwa ikiutazama mfereji wa Erie, uliofunguliwa mwaka 1825 na kupita papo hapo kandokando ya mto. Mfereji ulikwisha kazi yake, na mahali pake ikapita barabara kuu namba 190, hata leo anayetaka kuufikia mto hana budi kulipanda daraja la waendao kwa miguu. Nyumba za mtaa ni za mbao, za ghorofa mbili, zilizojengwa kwa ajili ya familia za wafanyakazi wa viwandani: Wapolandi, Wahungari, Wajerumani. Siku hizi katika baraza zile zile utasikia Kiswahili cha Kongo, Kisomali, Kibengali na lugha za Burma.

Tulivyoingia katika kundi hili ni kwa sababu ya baridi. Siku ya Alhamisi tarehe 22 Desemba 2022, jirani yetu, bibi mjane wa asili ya Kipolandi aliyezaliwa mtaa huu huu, aligonga mlango akiwa amekumbatia mifarishi miwili. Tulikuwa tumekaa naye ukuta kwa ukuta miaka mitatu na maneno yetu hayajavuka salamu. Alisema upepo unakuja kutoka ziwani, akatukabidhi mifarishi, akarudi kwake. Kesho yake ikaanza dhoruba ya theluji ambayo watu wa Buffalo hawataisahau. Katika wilaya ya Erie walifariki watu zaidi ya 40, wengine ndani ya magari yaliyofunikwa na theluji, wengine majumbani mwao. Kwetu umeme ulikatika usiku wa Ijumaa, tukakaa saa 30 bila joto, watu sita katika chumba kimoja, wajukuu katikati na mifarishi juu yao. Tuliyasoma mengi chuo kikuu, lakini namna tabaka tatu za pamba zinavyoweza kuushika uhai wa mtoto tulikuja kuisomea usiku ule.

Mwezi wa Januari tuliirudisha mifarishi ikiwa imefuliwa na kukunjwa, na juu yake sahani ya visheti. Bibi aliitazama sahani, akatutazama sisi, akauliza swali moja tu: unajua kushona? Tulijibu kwamba katika ujana wetu Unguja tulishona kofia za viua. Akasema, "Jumamosi, saa tano."

Kundi halina mwenyekiti wala katiba, lakini hakuna asiyejua kwamba bibi huyo ndiye mkuu wa chumba. Hupima mara tatu kabla ya kukata. Hushona bandi kumi ndani ya inchi moja, na asiyeamini hupewa rula ahesabu mwenyewe. Ana tabia moja tuliyoigundua baada ya miezi miwili: kazi za wanafunzi wapya huzichukua nyumbani kwake kwa kisingizio cha kuzipiga pasi, na usiku akaifumua mishono asiyoipenda na kuishona upya. Tulijua siri hii kwa sababu Jumamosi moja tulikuta kazi yetu imekuwa nzuri kuliko tulivyoiacha. Tulikasirika. Kisha tukakumbuka kwamba miaka 34 tulisahihisha madaftari ya watoto wa watu kwa kalamu nyekundu, na hatukupata hata siku moja kujiuliza yana ladha gani hayo kwa mwenye daftari.

Lakini ni bibi huyo huyo anayetukumbusha sala. Ameibandika ratiba ya msikiti ukutani, kando ya ratiba ya mabasi. Mwezi wa Desemba Alasiri hapa huingia kabla ya saa tisa, na sisi tulio katika mazungumzo husahau. Yeye hugonga meza kwa kastabini yake, tako, tako, akasema, "Wakati wenu huo," akaanza kusogeza viti ili tupate nafasi.

Mpinzani wake mkubwa, na rafiki yake mkubwa vile vile, ni mama mmoja Mmarekani Mweusi ambaye sisi humwita Mama wa Alabama, ingawa amezaliwa Buffalo. Wazee wake walihama Kusini, baba akaja kufanya kazi katika viwanda vya chuma vya Lackawanna. Mama huyu hajui rula. Kitambaa hukipasua kwa mikono, akakitupa mezani, akakitazama kama mpishi anayetazama chungu, kisha akaongeza chekundu pale ambapo hakuna aliyekitarajia. Mistari yake hupinda, lakini ukisimama mbali kidogo utaona kwamba kupinda huko kuna mwendo wake, kama ngoma yenye mapigo mawili. Yeye hujivunia kijiji cha Gee's Bend huko Alabama, ambako wajukuu wa watumwa walishona mifarishi ya namna hiyo kwa nguo kuukuu na magunia ili wasife kwa baridi. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa katika jumba la sanaa la Whitney, New York, na mwaka 2006 ikatolewa stempu za posta zenye picha zake. Bibi wa Kipolandi husema kwamba jumba la sanaa si kitanda. Mabishano haya tumeyasikia mara nyingi hata tunaweza kuwasaidia wote wawili wakisahau zamu zao.

Yupo mkutubi mstaafu, mtu wa vitabu na miwani miwili, ambaye kazi yake ni kuvunja hadithi. Baadhi ya wenzetu hupenda kusimulia kwamba zama za utumwa mifarishi ilianikwa madirishani kama alama za siri za kuwaonyesha watoro njia ya kwenda Kanada. Hadithi hiyo ilienea sana kwa kitabu kilichotoka mwaka 1999. Mkutubi hujibu kwamba wanahistoria wengi hawaikubali, kwa kuwa watoro wenyewe, waliosimulia mengi kwa vinywa vyao, hawakuitaja. Sisi tuko upande wake. Mahali hapa hapahitaji kupambwa. Kusini mwa mtaa wetu, mwisho wa Ferry Street, ndipo walipokuwa wakivukia kwenda Kanada. Na William Wells Brown, aliyekuwa mtoro mwenyewe na akakaa Buffalo, aliandika kwamba kati ya Mei na Desemba 1842 aliwavusha watu 69 katika ziwa Erie. Hesabu kama hiyo yatosha. Lakini mkutubi anapolisema jambo hili kwa mara ya nne katika asubuhi moja, hata sisi tunaomkubali hutamani mtu abadilishe mazungumzo.

Mbadilishaji wa mazungumzo ni mama wa Kasongo. Anatoka Maniema, Kongo ya mashariki, katika mji ambao Uislamu na Kiswahili viliingia pamoja na misafara ya karne ya 19. Kiswahili chake kinatuchekesha na chetu kinamchekesha. Husema sisi wa Unguja tunaongea kana kwamba tunasoma redioni. Huyu kila anachokiona hukitia bei. Mfarishi haujapata hata ukingo, yeye ameshauza. Ndiye aliyetuletea habari za Stitch Buffalo, kituo kilichoanzishwa mwaka 2014 hapa mjini kwa ajili ya wanawake wakimbizi na wahamiaji wanaoshona na kuuza kazi zao, na ametushauri mara nyingi tuache kufanya kazi ya bure. Bibi wa Kipolandi hulijibu shauri hilo kwa kumpa sindano.

Na yupo kijana wa Kibengali, mke wa fundi magari, asiyesema sana. Yeye hutabakisha sari zilizochakaa na kuzishika kwa bandi ndogondogo mfululizo mpaka kitambaa kinafanya mawimbi kama maji ya pwani kupwa. Kwao huitwa kantha. Ni kazi yake iliyotufanya tutafute habari za upande ule wa bahari, tukakuta jambo ambalo tungependa kila msomaji wetu alijue. Katika jimbo la Karnataka, India, wako Wasidi, watu wenye asili ya Afrika ambao wahenga wao walivushwa Bahari ya Hindi, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wao, wakiwemo Waislamu wengi, hushona mifarishi ya viraka iitwayo kawandi. Huanzia kwenye pembe na kuzunguka ukingoni kuelekea ndani mpaka wakutane na katikati, na kila pembe hutiwa vitambaa vilivyokunjwa ambavyo huitwa maua. Mfarishi usio na maua hayo huhesabiwa kuwa uko uchi. Tulipolisoma hili kwa sauti chumbani, Mama wa Alabama aliweka sindano chini, akataka tumsomee tena.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Mmoja wetu anatoka Tanga. Sote humwita Shangazi, hata walio wakubwa kwake. Mama yake mzazi alifariki mwaka 2023, naye hakuweza kusafiri kwenda kumzika, kwa kuwa karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijakamilika. Angetoka asingeweza kurudi kwa watoto. Wengi wenu mnalijua jambo hili na hatuna haja ya kulieleza. Baada ya miezi kadhaa mpwa wake alimletea doti moja ya leso za marehemu, nyekundu na nyeupe, zilizofifia kwa kufuliwa, zenye jina NANI KAMA MAMA. Shangazi alitaka kumshonea mfarishi binti yake, aliyezaliwa huku na ambaye alikuwa akijiandaa kwenda chuo katika mji mwingine. Jumamosi tatu mfululizo alikuja na leso katika mfuko, akazitoa, akazikunjua, akazitazama, akazikunja, akarudi nazo.

Jumamosi ya nne mjadala ulizuka. Tunaye bibi mmoja wa Barawa, mkubwa wetu kwa umri, msemaji wa Chimiini, ambaye hukaa dirishani na kudarizi kofia na huweza kumaliza mchana bila kutoa neno. Siku hiyo alisema. Nguo ya marehemu, alisema, ama huvaliwa ama hutolewa sadaka. Kuikata ni kumkata mwenyewe. Chumba kilinyamaza. Tulimjibu kwa adabu kwamba nguo za marehemu ni katika mirathi, na warithi wakiridhiana ni mali yao, na hata imamu tuliyemuuliza alisema vivyo hivyo. Bibi akatujibu kwamba hakuwa akizungumzia sheria. Na kweli hakuwa.

Hapo Mama wa Alabama akatusimulia habari ya Missouri Pettway, mwanamke wa Gee's Bend, ambaye mwaka 1942, mumewe alipofariki, alizichukua nguo zake za kazi za shambani, zenye alama za magoti na za mifuko, akazikata, akazifanya mfarishi wa kujifunika. Hakuongeza neno. Mama wa Kasongo, ambaye tulidhani atataja bei, alikuwa akijipangusa macho.

Shangazi alisema kinachomzuia ni jina. Pindo na mji vikikatwa bado ni kitambaa kizuri, lakini jina likikatwa leso imekufa. Tulikubaliana naye kwa nusu. Leso isiyo na jina wazee wetu waliijua, kwani maneno yaliongezwa baadaye, na kwanza kwa hati za Kiarabu. Lakini juu ya mkasi tulikuwa na la kusema. Husimuliwa kwamba katikati ya karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walinunua vitambaa vya kushika mkononi, ambavyo vilikuja madukani vikiwa havijatenganishwa, wakakata sita, wakaviunganisha vitatu juu na vitatu chini, wakajifunga. Ndiyo maana vazi hilo likaitwa leso, kwa neno la Kireno la kitambaa cha mkononi. Wafanyabiashara walikuja baadaye kuchapisha kitambaa kizima kwa kuiga mishono ya wanawake. Basi hiyo leso tunayoogopa kuikata ilizaliwa kwa mkasi na sindano, ikiwa viraka sita.

Hatudai kwamba hotuba yetu ilimshawishi mtu. Walimu hujipa sifa nyingi. Jumamosi iliyofuata Shangazi alikuja na binti yake. Leso moja katika doti ilibaki nyumbani nzima. Ile ya pili aliitandaza mezani, akamwambia binti asome. Binti akasoma vizuri, polepole, kama mtoto wa darasa la pili, kisha akatugeukia sisi akauliza: "Bibi Mwalimu, mbona hakuna alama ya kuuliza?" Tulimwambia kwamba mwenye leso haulizi. Shangazi akacheka, na alipokuwa akicheka mkasi ukawa umeshaingia kitambaani.

Jina halikukatwa. Lilitolewa zima, kama utepe, na kuwekwa katikati ya mfarishi, na mji na pindo vikazungushwa kulikabili, vikichanganywa na mashati ya kazi ya marehemu mume wa bibi wa Kipolandi, ambayo aliyaleta bila kuulizwa na bila maelezo. Shangazi alishona mwenyewe kila kiraka. Kwa kusema kweli si fundi. Bandi zake ni ndefu, tena zinapanda na kushuka, na mahali pamoja uzi umefanya fundo linaloonekana wazi. Jioni ile bibi wa Kipolandi aliuchukua uso wa mfarishi kwenda kuupiga pasi, na sisi tukatazamana na mama wa Kasongo, maana tulijua kitakachotokea.

Jumamosi iliyofuata uliletwa umepigwa pasi na kunyooka. Tuliugeuza na kuukagua mshono kwa mshono. Bandi zote zilikuwa pale pale, zikipanda na kushuka, na lile fundo mahali pake.

Mfarishi haujakwisha. Bitana imepatikana baada ya ugomvi wa wiki mbili, na pamba imetandazwa. Umebaki ukingo, na bibi wa Barawa ametangaza kwamba ukingo huo hautashonwa na mkono mwingine ila wake. Ameweka kofia kando na ameagiza uzi mweupe, kwa kuwa wa madukani hapa haumridhishi. Binti ameshakwenda chuoni, na hupiga simu kila Jumapili kuuliza umefika wapi.

Dada zetu wa Riverside, Black Rock na Grant Street wanaopenda kuja watapiga simu kwetu. Tunakutana Jumamosi saa tano hadi saa tisa. Njooni na nguo kuukuu za pamba, safi, zilizokatwa vifungo. Sindano na mikasi ipo.